Makanisa ya Vall de Boí: kuna haja gani ya kupanda milimani ilhali michoro yenyewe iko Barcelona?

Lipu_na_Chokaa #1

Wakuu salaam.

Naleta hoja, mnipinge kwa ushahidi. Watu wengi wanaopita Barcelona wanashauriwa wapande hadi Vall de Boí, bonde la milima ya Pirenei huko Catalonia, wakaone makanisa tisa ya Kiromaneski (mtindo wa ujenzi wa Ulaya wa karne za 11 na 12) ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lakini michoro iliyoyapa sifa iling'olewa kutani kati ya 1919 na 1923, na leo iko MNAC, Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Catalonia, kilima cha Montjuïc, Barcelona. Yule Kristo mkubwa wa Sant Climent de Taüll mwenye kitabu kilichoandikwa EGO SUM LUX MUNDI (mimi ni nuru ya ulimwengu) yuko huko. Mama wa Mungu wa Santa Maria de Taüll naye yuko huko, na wanasarakasi wa Sant Joan de Boí pia.

Sasa mtu mwenye siku mbili tu, kwa nini ateketeze siku nzima barabarani akaangalie kuta?

Pili, nani alilipia haya yote? Bonde dogo, baridi kali, wafugaji na wakulima wachache. Halafu katika karne za 11 na 12 wanajenga makanisa tisa yenye minara ya ghorofa sita. Fedha ilitoka wapi?

---

Mnara_wa_Sita #2

Mkuu, umeanza na kosa dogo: minara yote si ya ghorofa sita. Sant Climent na Santa Eulàlia d'Erill la Vall ndiyo yenye sita. Ya Durro na ya Santa Maria ni mifupi zaidi, na Sant Quirc de Durro ni kikanisa tu pembezoni mwa mlima, kina kijiukuta cha kutundikia kengele basi.

Kuhusu kwenda: MNAC inakupa rangi. Haikupi jengo. Sant Climent ni ukumbi wa sehemu tatu uliotenganishwa kwa nguzo nene za mviringo, paa la mbao bila kuba la mawe, na mwisho wa kila sehemu kuna apsi, yaani ule ukuta wa nusu duara nyuma ya altare. Mchoraji alimchora Kristo kwa kufuata mpindo wa apsi ile na mwanga wa dirisha lake dogo la katikati. Makumbusho imejenga upya mpindo huo kwa fremu za mbao, na kazi hiyo imefanyika kwa ustadi mkubwa, lakini urefu wa ukumbi unaoutembea kabla ya kumfikia Kristo haupo. Unatokea tu mbele yake.

---

Binti_Kumbukumbu #3

Nampa mkono #2, na naongeza jambo ambalo wengi hawajui: michoro haikuondoka yote. Mwaka 2013 walipoondoa nakala iliyokuwa imechorwa kwenye apsi ya Sant Climent, chini yake yalionekana mabaki ya rangi za asili yaliyogoma kung'oka. Ukifika leo unayaona kwa macho, pamoja na kipande cha Kaini akimuua Abeli. Kisha taa zinazimwa na projekta inarusha mchoro mzima juu ya ukuta uleule, mstari kwa mstari, kwanza rasimu nyekundu, halafu rangi, hadi apsi nzima inajaa kama ilivyokuwa 1123. Ni dakika chache tu na hurudiwa mara nyingi kwa siku. Uliza ratiba unapokata tiketi, usije ukaingia onyesho linapoisha.

---

Lipu_na_Chokaa #4

Asante dada. Hayo mabaki "yaliyogoma" ndiyo yananitatiza. Rangi inang'olewaje ukutani bila ukuta?

---

Fundi_Gundi #5

Hapo ndipo penye utamu. Njia waliyotumia mafundi wa Kiitalia chini ya Franco Steffanoni inaitwa strapo. Inavyokwenda:

Kwanza unapangusa vumbi na kujaribu kila rangi kwa tone la maji. Mchoro mkuu ulipakwa lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, kwa hiyo rangi imefungwa ndani ya chokaa na maji hayaitishi. Lakini mchoraji alimalizia vitu vingine lipu ikiwa imekauka: mistari ya nyuso, mikunjo ya nguo, herufi. Hizo hazijafungwa. Zikikutana na gundi ya moto zinayeyuka.

Pili unapaka gundi ya wanyama, ile inayochemshwa kutoka ngozi na mifupa, ikiwa ya moto na nzito. Juu yake vipande vya kitambaa chepesi cha pamba, kimoja kikipanda kidogo juu ya kingine, kisha gundi tena na kitambaa kingine.

Tatu unasubiri. Gundi inapokauka inasinyaa kwa nguvu, na kusinyaa huko ndiko kunakovuta ngozi nyembamba ya rangi kutoka kwenye lipu. Hakuna sumu wala mashine. Nguvu yote ni ya gundi kukauka.

Nne unakata kingo na kuanza kuvuta kutoka chini kwenda juu, huku mwenzako akisaidia kwa kisu kirefu pale panapokwama. Kinachotoka ni utando usiofika milimita moja, rangi ikiwa imetazama kitambaa. Unakunja kama mkeka na kuupakia kwenye nyumbu, maana barabara ya gari haikuwepo vijijini humo.

Tano, karakana. Unasugua mgongo wa utando kuondoa chokaa iliyobaki, unaubandika kwenye turubai jipya kwa gundi ya kaseini na chokaa, ukikauka unalowesha mbele kwa maji ya moto na kuvua kile kitambaa cha kwanza. Mchoro umerudi.

Panapoharibika: ukuta ukiwa na unyevu gundi haikauki, inaota ukungu na kuoza kabla ya kuvuta. Ndiyo maana kazi ya milimani inahitaji majira makavu au moto wa makaa ndani ya kanisa. Gundi ikiwa kali kupita kiasi inang'oa na mabonge ya lipu na utando unachanika. Ikiwa dhaifu, nusu ya rangi inabaki ukutani, na hayo ndiyo mabaki anayoyasema #3.

---

Mwanapwani_K #6

Darasa safi #5. Sisi wa pwani tunaijua chokaa kwa matumbawe yaliyochomwa, kwa hiyo hilo la rangi kufungwa ndani ya chokaa mbichi linaeleweka bila tabu. Kwa taarifa tu, Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia Urithi wa Dunia mwaka huohuo wa 2000.

Ila swali: kwa nini waling'oe? Wenyeji walikubali?

---

Binti_Kumbukumbu #7

Ilikuwa mbio dhidi ya wafanyabiashara. Mwaka 1907 msafara wa Institut d'Estudis Catalans, taasisi ya utafiti ya Catalonia, akiwemo msanifu majengo Josep Puig i Cadafalch, ulipita mabonde haya na kuyatangaza. Baada ya matangazo walikuja wataalamu, na nyuma yao wanunuzi. Michoro ya apsi ya Santa Maria de Mur, nje ya bonde hili, ilinunuliwa 1919 na mkusanyaji Lluís Plandiura, ikang'olewa na mwishowe ikauzwa Marekani. Leo iko makumbusho ya Boston. Hapo Bodi ya Makumbusho ya Barcelona ilishtuka, ikanunua iliyobaki na kuwaajiri mafundi walewale waliokuwa wakiwang'olea wafanyabiashara.

Kwa hiyo mabishano hayajaisha. Wapo wanaosema bila uamuzi ule leo tungemtafuta Kristo wa Taüll ng'ambo ya Atlantiki. Wapo wanaosema sheria ya kuzuia mauzo ingetosha, na kuta zingebaki na ngozi yake.

---

Mzee_wa_Mafaili #8

Sheria ya kuzuia haikuwepo wakati ule kwa mali ya parokia. Tuhukumu uamuzi kwa zana walizokuwa nazo.

Narudi kwenye swali la pili la mleta uzi, maana watu wamelikimbia. Maelezo yanayotolewa sana ni mabwana wa Erill. Walikuwa watawala wa bonde na walipigana upande wa wafalme wa Aragón, ufalme jirani, walipokuwa wakiteka miji ya kusini iliyokuwa chini ya Waislamu. Huesca ilianguka 1096, Zaragoza 1118. Askari wa farasi walirudi na ngawira. Miaka mitano baada ya Zaragoza, tarehe 10 Desemba 1123, Askofu Ramon wa Roda na Barbastro anaweka wakfu Sant Climent, na kesho yake, tarehe 11, Santa Maria, umbali wa kutembea dakika chache katika kijiji kilekile. Tarehe ya Sant Climent imeandikwa kwa rangi juu ya nguzo ndani ya kanisa.

---

Mnara_wa_Sita #9

Ngawira inaweza kueleza rangi na wachoraji. Haielezi mawe. Mawe ni granaiti ya hapohapo bondeni, kazi ni ya wanakijiji wenyewe wakiongozwa na mafundi wa mtindo wa Lombardia, kaskazini mwa Italia: matao madogo ya urembo yaliyopangwa chini ya paa, mikanda ya meno ya msumeno, madirisha ya mapacha yenye nguzo moja katikati. Mtindo huo ulikuwa umesambaa Pirenei tangu karne ya 11, kabla ya Zaragoza kuanguka. Na kanisa la kijiji cha Cóll, humohumo bondeni, lina tarehe ya kuwekwa wakfu 1110, kabla ya ngawira hiyo.

---

Mzee_wa_Mafaili #10

Cóll 1110 ndiyo, lakini Huesca ni 1096. Ngawira haikuanza Zaragoza.

---

Kasisi_Mstaafu_wa_Mtandao #11

Wakubwa, mmemsahau askofu. Maaskofu wa Roda na wa Urgell walikuwa wakigombania mipaka ya majimbo yao, na bonde hili lilikuwa kwenye mstari wa ugomvi. Ramon alikuwa amefukuzwa Barbastro na mpinzani wake wa Huesca. Askofu aliyepoteza mji anapanda milimani Desemba, kwenye theluji, anaweka wakfu makanisa mawili kwa siku mbili na kuacha jina lake kwenye nguzo. Hiyo ni hati ya umiliki. Kwangu mimi makanisa mawili makubwa katika kijiji kimoja yanaelezeka zaidi kwa ugomvi wa maaskofu kuliko kwa hazina ya bwana yeyote.

---

Nyasi_za_Juu #12

Na malisho je? Mali ya mabonde haya ilikuwa nyasi za kiangazi. Mifugo ilipandishwa juu majira ya joto na kuteremshwa baridi ikianza, na mwenye haki ya malisho alikuwa na kitu cha kuuza kila mwaka. Kila kijiji na nyasi zake, kila kijiji na kanisa lake. Ukiangalia ramani, Barruera, Durro, Cardet, Cóll, Erill, Boí na Taüll vyote vina lake. Hiyo haifanani na mradi wa bwana mmoja.

---

Mzee_wa_Mafaili #13

Nyasi zilikuwepo karne kumi kabla na nane baada. Kwa nini minara ijengwe wakati ule tu?

---

Nyasi_za_Juu #14

Kwa sababu mafundi walipatikana wakati ule, mzee wangu. Tazama #9.

---

Safari_Nyepesi #15

Mnaendelea vizuri, ila mimi niko kwenye vitendo. Naenda na mama wa miaka 70, magoti yanamsumbua. Nipangeje? Na minara mirefu hivyo ilikuwa ya nini hasa?

---

Dereva_wa_Milima #16

#15 chukua hii.

Njia: Barcelona hadi Lleida kwa barabara ya A-2, kisha N-230 kwenda kaskazini hadi El Pont de Suert. Jaza mafuta hapo. Kilomita chache mbele unaacha N-230 na kushika L-500 inayopanda bondeni. Toka Barcelona hesabu karibu saa nne pamoja na kupumzika. Treni haifiki bondeni, na mabasi ya kupanda huko ni machache mno kwa mtu anayetaka makanisa zaidi ya mawili, kwa hiyo kodi gari Lleida.

Mpangilio: anzia kituo cha maelezo cha Kiromaneski kilichopo Erill la Vall, na ununue tiketi ya pamoja badala ya moja moja. Erill kanisa liko jirani na kituo. Kisha Boí, kisha Taüll. Sant Climent iko mlangoni mwa kijiji cha Taüll, hakuna kupanda sana. Santa Maria iko katikati ya kijiji, njia ina mawe na mteremko, mama atembee polepole na viatu vyenye soli ngumu. Mnara wa Sant Climent una ngazi za mbao nyembamba, magoti mabaya yabaki chini. Sant Quirc de Durro achana nayo kwa mama. Cóll na Cardet mara nyingi hufunguliwa kwa mpangilio maalumu tu, hivyo uliza kabla, usizifuate kwa kubahatisha.

Mwezi: Taüll iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Novemba beba minyororo ya matairi na ujue kuifunga kabla hujaihitaji. Juu ya Taüll kuna kituo cha kuteleza kwenye theluji, kwa hiyo wikendi za baridi vyumba hujaa. Juni na Septemba ndiyo salama zaidi.

---

Mnara_wa_Sita #17

Kuhusu minara: maelezo ya kawaida ni ulinzi na mawasiliano, kwamba mlinzi wa mnara mmoja alionana na wa mwingine. Sijaridhika nayo. Madirisha yanazidi kuwa mengi kadiri unavyopanda, na hilo linasaidia vitu viwili: kupunguza uzito wa mawe juu ya msingi, na kuachia sauti ya kengele itoke. Bonde lina pepo na mikunjo, kengele ya chini haifiki mashambani.

---

Kasisi_Mstaafu_wa_Mtandao #18

Kengele inatosha na ghorofa tatu. Sita ni fahari. Erill na Taüll wanatazamana, na hakuna aliyekubali kuwa mfupi.

---

Mwanapwani_K #19

Hahaha kasisi umewamaliza! Lakini kweli, mbona mawe yako uchi? Makanisa ya enzi zile yalikuwa hivyo?

---

Fundi_Gundi #20

Hapana, na hili ni muhimu kwa mgeni. Yalipigwa lipu ndani na nje, mengine yakapakwa rangi. Mabaki ya lipu bado yapo kwenye mnara wa Sant Climent ukitazama kwa makini. Mawe wazi ni ladha ya warejeshaji wa karne ya 20. Ukitaka kuona ukumbi ulivyokuwa nenda Sant Joan de Boí: ndani walipiga lipu upya na kuweka nakala za michoro mahali pake, Stefano akipigwa mawe, wanasarakasi, na wanyama wa ajabu kwenye matao. Wengi huingia wakatoka haraka kwa sababu "ni nakala". Ndiyo kanisa linalofundisha kuliko yote.

Santa Maria nayo ilibadilishwa karne ya 18 kwa mtindo wa Baroko, ule wa mapambo mengi, na warejeshaji wakaondoa mabadiliko hayo baadaye. Unachokiona leo ni uamuzi wa watu, si karne ya 12 iliyolala usingizi.

---

Mzee_wa_Mafaili #21

Hapo #20 umegusa hoja nyingine. Husemwa makanisa yalinusurika kwa sababu bonde liliishiwa fedha, hivyo hawakubomoa na kujenga upya. Lakini fedha ya Baroko walikuwa nayo, ushahidi ni Santa Maria. Na Sant Climent walisimamisha altare ya mbao ya Kigothi (mtindo uliofuata Kiromaneski) mbele ya apsi, ndiyo iliyomficha Kristo na kumkinga.

---

Binti_Kumbukumbu #22

Tena usisahau sanamu za Erill: kundi la mbao la Kristo akiteremshwa msalabani, sanamu saba. Zilizopo kanisani ni nakala. Za asili zimegawanywa: tano ziko makumbusho ya askofu ya Vic, na mbili, Maria na Yohane, ziko MNAC. Kundi moja la maombolezo limekaa miji miwili, na hilo linaniuma kuliko suala la michoro. Mbao zinasafirika.

---

Lipu_na_Chokaa #23

Basi zirudishwe zote, michoro na sanamu. Kwa nini isiwezekane?

---

Fundi_Gundi #24

Sanamu, jadilini. Michoro ni jambo lingine. Sasa hivi utando umeshikwa kwenye turubai kwa kaseini ya miaka mia, na turubai kwenye fremu ya mbao yenye mpindo. Kaseini ikizeeka inakuwa ngumu na kukatika. Unyevu ukibadilika turubai linavuta, utando haufuati, rangi inabanduka kwa magamba. Kanisa la milimani linatoka kwenye baridi ya theluji hadi joto la pumzi za watalii ndani ya saa moja. Hilo halidhibitiki bila kuligeuza kanisa kuwa jokofu.

Mfano unaoendelea ni michoro ya Sixena, monasteri iliyoko Aragón, mkoa jirani wa Catalonia. Monasteri ilichomwa 1936, mabaki yakang'olewa na kupelekwa Barcelona, na 2025 Mahakama ya Juu ya Hispania iliamua yarudishwe Aragón. MNAC inasema uhamisho ni hatari kwa michoro iliyokwisha kuungua. Yatakayotokea huko yatazungumzwa na Taüll pia.

---

Nyasi_za_Juu #25

Aragón wanasema ukumbi wao umeandaliwa na hewa inadhibitiwa. Hoja ya udhaifu isiwe kisingizio cha kudumu, maana michoro ileile ilikuwa dhaifu siku inang'olewa na hakuna aliyesita.

---

Rangi_ya_Mlima #26

Nimechelewa uzi. Jambo moja la wachoraji: buluu ya Taüll haikutoka mbali. Uchunguzi wa maabara umeonyesha ni aerinaiti, madini ya Pirenei yenyewe. Kwa hiyo hata kama bwana mchoraji wa Sant Climent alitoka Italia, kama wengi wanavyodai, alifanya kazi na watu waliojua mawe ya hapa. Wengine wanamfuatilia hadi Roda de Isábena kwenye michoro inayofanana na mkono wake, na kumfanya mtu wa askofu Ramon. Hapo kasisi #11 anapata nguvu.

---

Mzee_wa_Mafaili #27

Anapata nguvu kwa mchoraji. Kwa mawe bado nasimama na Erill.

---

Safari_Nyepesi #28

Shukrani sana #16. Tunafikiria katikati ya Juni, halafu Jumatatu tushuke Barcelona tuione MNAC.

---

Dereva_wa_Milima #29

Jumatatu MNAC imefungwa. Geuza: Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri kuingia ni bure, vilevile Jumapili ya kwanza ya mwezi. Shuka kituo cha metro Espanya, kuna ngazi za umeme hadi juu kilimani, magoti ya mama hayatateseka. Anzeni na makumbusho, mpande bondeni Jumapili, ili mama akiwa ndani ya Sant Climent awe tayari ameshaona rangi zilivyo.

Na Juni hiyo uliza tarehe ya *falles* za Durro. Wanawasha mienge juu Sant Quirc na kushuka nayo gizani hadi kijijini. UNESCO iliziandikisha 2015 pamoja na za Andorra na Ufaransa. Usiku huo maegesho ya Durro hujaa mapema, acheni gari Barruera.